Darubini, Mpini wa Jembe na Mfuko wa Mahindi

Pikipiki ilikohoa nje ya uzio kabla sijamwona aliyepanda. Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, hapa hapa Ruhuwiko, na ninasimulia mwenyewe kabla mama mwenye nyumba wangu hajanitangulia.

Aliyeshuka ni Mwalimu Tumaini, anayefundisha fizikia sekondari, amepakata darubini ya shule kama kichanga. Nimeandika riwaya nzima kuhusu mtazama nyota (bila kuwahi kugusa darubini, mawazo si yanatosha?). Tulipatana hivi: nimwonyeshe kwamba ninakijua ninachokiandika, naye auchukue mswada wangu akausome na wanafunzi wake. Wasomaji wangu wa kwanza! Wiki nzima sikulala vizuri kwa furaha.

Stendi ya shule ilishaharibika. Nikatoa ya kamera, niliyoiazima kwa rafiki yangu mpiga picha za harusi.

Mwalimu akainama kusoma maandishi yaliyobandikwa kwenye stendi. "Mwisho kilo tatu. Darubini hii ina kilo sita."

Nikatabasamu (lile tabasamu la wasomi, mnalijua). Nikafunga mpini wa jembe juu ya stendi: darubini huku, mfuko wa mahindi wa kilo sita kule. Ikatulia kama mizani.

"Sita kwa sita zinafutana," nikatangaza. "Stendi haibebi kitu!"

Mwalimu akafungua mdomo. Mama Komba, yule mama mwenye nyumba, akamuwahi kutoka jikoni.

"Mwanangu, mimi nimebeba maji kwa mzega begani tangu usichana. Ndoo mbili zikilingana, mti hauelemei upande. Lakini bega linazibeba zote!"

"Mama yangu, hii ni sayansi." (Nilisema hivyo. Mbele ya mwalimu wa sayansi.)

Nusu mwezi ulikuwa juu, mweupe kama kipande cha muhogo. Nikahutubia kidogo kuhusu upweke wake. Nikainama kuchungulia.

Kacha!

Mguu mmoja wa stendi ulikunjika. Mwalimu akajirusha kifudifudi kwenye majivu, akaidaka darubini karibu kabisa na jiwe la jiko. Mimi niliangukia makalio, mfuko ukapasukia kichwani kwangu. Kuku wakaja mbio, wakadonoa mahindi hadi ndani ya kola.

"Kilo kumi na mbili, mwanangu," akasema Mama Komba, "na mpini juu yake."

Mwalimu akasimama, nyusi zimejaa majivu. Akakagua kioo. Kizima. Kisha akaniuliza kwa upole, upole ule unaoua:

"Kwenye riwaya yako, darubini imesimama juu ya nini?"

"Juu ya... ukimya."

Akauchukua mswada niliokuwa nimemwandalia kwenye kigoda, akauweka mapajani pangu, katikati ya kuku. "Itafutie miguu kwanza."

Jogoo akaanza kuuchana ukurasa wa kwanza. Msicheke, ndugu zangu: ndiye msomaji pekee niliyebaki naye mlango wa uani ulipofungwa nyuma ya Mwalimu.