Filamu Zisikome Kufika Olumbi

Mheshimiwa Mkuu wa Kiwanda cha Filamu za Picha, huko huko uliko,

Sisi wazima. Mwanangu Zuleica sasa hivi ameichomoa filamu yetu ya mwisho kwenye kikopo chake, ameivuta yote juani, kisha amemfunga nayo kuku shingoni. Kuku hana malalamiko. Mimi ninayo.

Mume wangu Rafique ni mpiga picha hapa Olumbi, kaskazini mwa Msumbiji. Hermínio, anayetuletea vifaa kutoka Mtwara, anasema filamu zimeadimika, na dawa za kusafishia picha ndiyo kabisa, maana nyie mnataka kuacha kuzitengeneza. Kwa heshima zote, msiache. Sababu ni hizi:

1. Picha ya filamu ina adabu. Mtu anaoga, anaazima viatu, anasimama wima. Kwa simu Rafique alinipiga picha napara samaki, mdomo wazi, na shangazi zake wote wa Pemba, hii yetu ya huku Msumbiji, wameiona.

2. Picha ya filamu husafishwa gizani, mlango umefungwa. Mwanga ukiingia, zote zinaungua. Mama mkwe wangu, Bi Cadija, aliwahi kufungua akitafuta kinu, akaunguza harusi nzima ya mdogo wake. Tangu hapo anasimama nje tu, anauliza kama bado. Rafique anamjibu: bado, mama, bi harusi ndiyo kwanza anatokeza pua.

3. Nyumba yetu ina vyumba viwili na watu wengi, alhamdulillahi. Mama anamtaka mwanawe kutwa, mara amfungie chandarua, mara amsomee meseji. Picha ya simu haina cha kusafisha. Sasa mlango tutaufunga kwa sababu gani?

4. Zuleica anataka mdogo wake. Bila filamu sioni atatokea wapi. Kiwanda chenu kitakuwa kimewapunguza watu wa Msumbiji, na serikali itauliza.

Nikiwa na matumaini, nawasalimu mafundi, walinzi, wake zao, na mama wakwe zao pia, Mungu awape usingizi mzito.

Wenu mtiifu,
Muaziza Mussagy, mama Zuleica

Nyongeza: Kusema kweli, dawa ziliisha tangu kabla ya Ramadhani, na Olumbi nzima inapigwa picha kwa simu. Mle chumba cha kusafishia picha kuna taa nyekundu na mabeseni ya maji ya kisima. Kwa hiyo filamu zikiwa shida, leteni maboksi matupu, makubwa, yenye maandishi, mama ayaone yakipita barazani. Samahani, Rafique ananiita, anasema kwa sauti, mama asikie, kwamba kuna picha za B.I., vile vitambulisho vya serikali, zinatakiwa haraka, kwa hiyo hata boksi moja tu la