Riwaya Niliyoisikiliza Kinyumenyume

Leo nimeadhirika. Tena mbele ya mke wangu Rehema, ambaye huu ni mwezi wa nane tangu ahamie kwa dada yake Houston na kuniacha Mesquite peke yangu.

Sisi Waswahili wa huku Texas tuna grupu la vitabu. Vitabu vya Kiswahili ni taabu kupata, basi mwenye nakala husoma kwa sauti, hujirekodi, na kututumia kwenye simu. Safari hii alisoma Bi Zuhura wa Stafford, jirani na Houston. Rekodi thelathini na sita. Mimi grupu nilikuwa nimelizima sauti zamani (kazi ya ghalani haimpi mtu nafasi). Juzi nikasikia Rehema atakuwepo kwenye mkutano. Hapo ndipo mapenzi yangu ya fasihi yalipoamka.

Nikafungua grupu, likanipeleka chini kabisa, kwenye rekodi ya mwisho. Nikaanzia hapo hapo. Nikimaliza moja, napanda ya juu yake. Siku mbili nzima napanga maboksi nasikiliza. Mwanamke anamfungia mumewe mlango. Halafu wanagombana. Halafu wanapatana, wanacheka, harusi. Kuna mahali mtoto alitembea kwanza, ndipo akazaliwa. (Nikasema huyu mwandishi ni fundi.) Pale kwenye harusi nililia, wallahi, katikati ya maboksi ya mashine za kahawa.

Leo nimeendesha mwendo wa saa nne hadi Stafford, kanzu imenyooshwa. Bi Zuhura akamuuliza kila mtu kitabu kimemfikirisha nini. Wenzangu walijibu wakiwa wamekaa. Mimi nikasimama.

"Hiki ndicho kitabu nikipendacho kuliko vyote," nikasema, macho kwa Rehema. "Kinatufundisha kuwa mke akiondoka, si mwisho. Kinaanza na mlango kufungwa, kinaishia na harusi."

Mtu mmoja akaweka kikombe chini.

"Salim mwanangu," akasema Bi Zuhura, "harusi ni sura ya kwanza."

"Ya mwisho, Bi Zuhura."

"Nimekisoma mimi. Hebu lete simu." Akaitazama. "Yarabi. Ume-scroll kutoka chini ukapanda juu."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Bi Zuhura alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Rehema peke yake hakucheka, na heri angecheka.

"Mimi wala sishangai," akasema. "Miaka kumi na moja nasema naye. Anasikia neno la mwisho tu, yaliyotangulia anajitungia."

Hapo kicheko kikakatika. Iliniuma, maana hakunisingizia.

Wakati wa kuondoka nikamfuata mlangoni. "Rehema, niambie basi yaliyotangulia."

"Nilikwambia," akasema. "Mwaka wa kwanza. Nilikwambia yote." Akavaa viatu akaenda zake.

Njia nzima hadi Mesquite nimejaribu kukumbuka aliniambia nini mwaka ule. Sijakumbuka hata moja. Kwa hiyo ninyi mnaosoma hapa, chekeni mambo ya kitabu, lakini hili jingine niachieni.