Benchi la Bwana Sharubu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimekula kiapo. Mkono wa kulia juu, wa kushoto umeshika nyundo, maana nilikuwa kazini. Jumapili mke wangu na mimi tunakwenda mji wa mtoni, kwenye sherehe za Bwana Sharubu, na sitakuwa na mpango wowote. Wowote!

Mambo yalianzia kwenye chai. Mama Watoto alisema tangu mtoto wetu wa mwisho aondoke nyumbani, anasikia saa ya ukutani ikigonga. Nikamwambia nitaitengeneza. Akasema si saa. Anataka siku moja tu, sisi wawili, bila mradi, bila ujanja, bila mtu wa kumwonyesha kwamba na sisi tumo. Tukae kwenye benchi la Bwana Sharubu, tunywe chai, turudi. Kisha, kwa sauti ileile ya kuomba apitishiwe sukari, akasema dada yake amemwita akamsaidie dukani, kule mbali, na hajataja mwisho wake ni lini. Bado hajamjibu.

"Nataka kwanza nijue kama bado tunaweza kukaa pamoja," alisema. "Kukaa tu."

Nikamwambia mimi ni fundi makochi, kukaa ndiyo kazi yangu. Hakucheka.

Kwa yeyote atakayesoma shajara hii nikishakufa: Bwana Sharubu ni kambare wa kuchorwa. Alitoka kila wiki ukurasa wa nyuma wa gazeti, enzi za ujana wetu. Kofia, koti, masharubu. Kila wiki ana njama mpya ya kuhama mtoni akaishi nchi kavu kama waungwana. Picha ya mwisho haibadiliki: amekaa majini hadi kifuani, kofia inaelea, na mke wake, ambaye tunaona mkono tu, anamwonyeshea kikombe cha chai kutoka ng'ambo. Mchoraji alizaliwa mji ule, ndiyo maana wanamsherehekea. Mimi na Mama Watoto tulijuana kwa ajili ya kambare huyo. Yeye alikuwa anasoma gazeti, mimi nikachungulia begani kwake. Akalisogeza nione vizuri.

Jumanne, tarehe 4

Shemeji kaja. Ni mdogo wake Mama Watoto, katibu wa chama cha mtaa, na ndiye aliyekodi basi la Jumapili. Waliosema nyumba ya kambare baba ana sharubu, mama ana sharubu na mtoto ana sharubu, walikuwa wamepita ukweni kwangu.

Mwaka jana alishinda mashindano ya kuiga Bwana Sharubu. Kwa kofia ya kuazima na nyaya mbili puani! Picha yake sasa imetundikwa sebuleni kwa mama mkwe, juu ya televisheni, mahali palipokuwa na picha yetu ya harusi. Ya harusi imehamishiwa nyuma ya mlango. Mlango ukifungwa inaonekana. Mlango wa mama mkwe haufungwi.

Akaniuliza kama mwaka huu nitashindana. Nikamjibu nimekula kiapo. Akasema ni vyema, shemeji, mashindano yale yanataka mtu mwenye mwili mwepesi.

Mwili mwepesi!

Alipoondoka nikakata sponji kidogo. Huo si mpango. Ni sponji.

Alhamisi, tarehe 6

Vazi linapendeza mpaka naogopa. Ngozi bandia ya kijivu, ile ya makochi ya ofisini. Ndani sponji ya daraja la kwanza. Masharubu nimeyatoa kwenye springi za kiti kibovu, nikitembea yanatikisika yenyewe. Nimesimama nalo mbele ya kioo cha karakana nikajipigia saluti.

Tatizo ni tumbo. Sponji iliniishia kwenye tumbo, na Sharubu asiye na tumbo ni mkunga, yule samaki mwembamba kama nyoka. Nikaazima ile ya kiti cha Mama Watoto, kile cha dirishani, nikajaza matambara badala yake. Ni hadi Jumapili tu.

Jioni akaja kukaa. Akazama. Akainuka, akakitazama kiti, akanitazama mimi, akaenda kukaa kwenye kiti cha mezani. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi sikusikia mshindo wowote, nikarudi karakana kumalizia mkia.

Jumamosi, tarehe 8

Vazi limeingia kwenye mfuko mkubwa. Nimemwambia ni mito ya kukalia njiani. Si uongo. Sponji ni sponji.

Yeye anapanga kikapu. Chupa ya chai, mkate, vikombe viwili vile vizuri vyenye visahani, ambavyo hata wageni hawajawahi kuviona. Amevifunga kimoja kimoja kwa kitambaa. Nilipomwona anafanya hivyo kitu kilinichoma kidogo moyoni, nikapiga moyo konde.

Nimeshapima kila kitu. Tutakaa benchini. Nitaomba udhuru kidogo, kama mtu aliyebanwa. Nitashinda. Nitarudi na shada shingoni, nikae, ninywe chai. Siku isiyo na mpango itabaki vilevile, ila itakuwa na ushindi katikati.

Jumapili, tarehe 9

Naandika nimejifunga shuka mbili, na bado napiga chafya.

Mji wenyewe ni mdogo, barabara moja inayoteremka mtoni. Lakini leo! Kila kibao cha duka kimechorwa masharubu. Duka la dawa lina masharubu. Kinyozi, ambaye kazi yake ni kuyanyoa, ana masharubu ya mkaa hadi masikioni. Hata askari wa barabarani alikuwa na nyaya puani akiongoza magari kwa uso wa kazi.

Benchi liko ukingoni. Bwana Sharubu wa saruji amekaa upande mmoja, kofia mapajani, na pembeni yake pamebaki nafasi ya watu wawili. Mama Watoto akakaa karibu na kambare, akapigapiga ubao. Nikakaa. Nikiri tu, palikuwa pazuri. Mto ule hauna haraka na mtu. Akafungua chupa, akamimina kikombe cha kwanza, akanipa kisahani nishike. Akaniuliza kama nakumbuka gazeti lile. Nikafungua mdomo nimjibu.

Kipaza sauti kikaita washindani.

Nikasema nimebanwa, nakuja sasa hivi. Akautazama mfuko wa mito mkononi mwangu. Hakuna anayekwenda msalani na mito.

"Nenda," alisema. "Nitakushikia nafasi."

Sasa desturi ya mashindano ni hii. Kila mshindani anateremka ngazi hadi mtoni, anachota maji kwa kofia, anajimwagia kichwani, anatamka maneno ya Bwana Sharubu: "Kesho, nchi kavu!" Shemeji akafanya hivyo kwa madaha, akapigiwa makofi. Ikafika zamu yangu. Nilipotokea tu watu wakashangilia tumbo.

Miaka yote ya ufundi wangu nawaambia wateja jambo moja: usimwagie maji kochi. Sponji inakunywa. Nimelisema hadi ulimi ukaota sugu. Na nimelikumbuka leo, ngazi ya mwisho, kofia ikiwa tayari imepinduliwa kichwani.

Maji yakaingia shingoni, yakateremka tumboni, tumbo likanivuta mbele. Nikajirudisha nyuma. Nikateleza. Nikakaa mtoni, hadi kifuani, na ile sponji ya daraja la kwanza ikaanza kunywa mto. Kuinuka, ng'o! Kofia ikaelea mbele yangu, ikizunguka polepole.

Kisha ukingo mzima ukapasuka kwa kicheko. Shemeji ndiye aliyeingia majini, na nyaya zake puani, akaita wanaume wengine, wakaniburuta hadi kwenye ngazi, wakanikamua kama blanketi.

Waamuzi hawakukaa hata kikao. Mwenyekiti wao alisema tangu mashindano yaanze, hakuna aliyewahi kuifikisha picha ya mwisho kwa ukamilifu namna ile. Shada! Makofi! Mpiga picha alikuwa ameshanipiga nikiwa mle mle majini.

NIMESHINDA.

Shemeji akanipa mkono, ameloa hadi kiunoni. Nilingoja aseme neno la kijicho. Akaniinamia sikioni.

"Shemeji, dada yangu bado anakushikia nafasi."

Nikaenda benchini, natiririka, shada shingoni. Mahali pangu palikuwa na kikapu. Watu walikuwa wamepaomba mara nyingi, naye Mama Watoto akiwajibu kwamba mumewe anakuja. Kikombe changu kilikuwa kimejaa hadi juu, kimepoa, na mdudu ndani. Cha kwake alikuwa amekiweka mbele ya Bwana Sharubu wa saruji. Akanionyesha ubao nikae.

Sikuweza. Vazi lilikuwa limeloa, likakakamaa, halikunjiki kiunoni, na zipu imegoma. Fundi makochi mzima, benchi liko mbele yangu, na siwezi kukaa! Nikasimama pale nikidondosha maji kwenye viatu vyake mpaka basi likapiga honi. Akamwaga chai, akavifunga vikombe kwa vitambaa vyake, kimoja kimoja.

Jumatatu, tarehe 10

Mafua. Mama Watoto kanikandia kifua, kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha. Mtu akikukasirikia bado ana mpango na wewe.

Akanisimulia. Nilipokuwa nakamuliwa, aliingia kidogo kwenye chumba cha michoro kilichoko nyuma ya benchi, kikapu kikilinda nafasi. Mtunzaji wa chumba akamwonyesha mchoro wa mwisho kabisa wa yule mchoraji. Haukuwahi kuchapishwa. Mhariri aliukataa, akasema hauchekeshi. Ndani yake Bwana Sharubu hana njama yoyote. Amekaa ukingoni, kofia kaweka chini, na kwa mara ya kwanza mke wake anaonekana mzima, si mkono tu. Wanakunywa chai. Basi.

"Nikaona wivu," alisema. "Umri huu, nimemwonea wivu mke wa kambare."

Moyo uliniuma kweli, si mafua. Nikamwomba nafasi moja tena. Alifikiri sana. Mwishowe akasema Jumapili ijayo, hapahapa nyumbani, chai ya saa kumi. Nisilete kitu. Nisiandae kitu. Nije nikae. Akasema baada ya hapo ndipo atampigia dada yake.

Sponji ya kiti chake nimeianika. Inanuka samaki.

Jumatano, tarehe 12

Picha yangu imetundikwa kwa mama mkwe! Juu ya televisheni! Ya Shemeji imeshushwa hadi kwenye friji. Nilikwenda kuiona nikiwa nimevaa shati jipya.

Mama mkwe aliniacha peke yangu niitazame nishibe. Natazama. Kofia inaelea. Tumbo linapendeza. Kisha nikaona kule juu pembeni, nyuma ya kicheko cha watu wote, kipande cha benchi. Mama Watoto yuko pale, mdogo kama punje, kando ya kambare wa saruji. Watu wote wananitazama mimi. Yeye anatazama mto, na mkono wake ameuweka kwenye ubao mtupu.

Shati jipya likanibana. Nilikaa kwenye kochi la mama mkwe, nililolishona kwa mikono yangu, nikajiona mjinga. Nimeapa tena, bila nyundo safari hii. Jumapili nitakaa. Nitakaa kama Bwana Sharubu wa saruji.

Jumamosi, tarehe 15

Siku isiyo na mpango haiji yenyewe. Lazima iandaliwe.

Niko karakana tangu alfajiri. Natengeneza benchi! Kipimo kilekile cha ukingoni, nafasi ya wawili. Chini ya kiti kuna droo ya siri ya mkate, na shimo la chupa ya chai, isitikisike. Kwenye mguu mmoja nimeficha redio, itaanza yenyewe saa kumi na robo. Nimeshona na Bwana Sharubu wa kukaa pembeni yetu; nimemjaza sponji, lakini nimemfunika nailoni. Maji yaje sasa! Shemeji nimemwalika apite saa kumi na nusu, kana kwamba kapotea njia, ajionee jinsi watu wanavyokaa.

Kazi ingeisha mapema kama si Mama Watoto. Asubuhi, gundi haijakauka, kaingia na chupa ya chai na vikombe vile vizuri. Nikamwambia ni mapema mno, ni kesho, na huu ni ubao wa mteja. Akasema sawa, ubao wa mteja. Akakaa juu yake, hauna hata miguu, uko sakafuni juu ya vipande vya sponji. Akapigapiga pembeni yake.

Nikakaa, nifanyeje? Amekalia kipimo changu. Akamimina. Akaniuliza kuhusu lile gazeti, nikamwambia nilichokumbuka: kwamba siku ile sikuwa nasoma kambare, nilikuwa nanusa sabuni ya nywele zake. Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. Kisha tukanyamaza. Jua likaingia mlangoni, likafika miguuni, likapanda magotini. Akaegemeza kichwa begani kwangu, penye misumari mfukoni, na hakukiondoa. Sikumbuki hata nilikuwa nawaza nini. Labda sikuwaza kitu. Chai ikatuishia.

Asubuhi nzima imepotea hivihivi!

Akakusanya vikombe, akaingia ndani. Nikamsikia kupitia dirishani anampigia dada yake, anamwambia anamshukuru sana lakini asimngojee, haji.

Sasa huyu mwanamke simwelewi. Kaamua leo, hata hajauona mpango wangu! Bado miguu miwili, redio haijakamata stesheni, na kesho saa kumi sharti kila kitu kiwe tayari.