Maoni Yapokelewe Ukumbini

Jumamosi ya kwanza ya Machi 2006, Jumuiya ya Watu wa Visiwani, tawi la Ilford, London, iliutangazia ulimwengu kwamba imeingia rasmi katika zama za mtandao. Tangazo lilibandikwa kwa gundi kwenye mlango wa ukumbi, kwa kuwa tovuti yenyewe ilikuwa bado haijafunguliwa.

Aliyelibandika ni Bwana Hussam, katibu wa Jumuiya kwa mwaka wa tisa. Siku za kazi alikuwa karani katika ofisi moja kule Croydon; wikiendi alikuwa karani wa bure Ilford. Karatasi aliiheshimu kuliko watu wengi alioonana nao. Maneno ya tangazo yalikuwa ya mwenyekiti, Mzee Jaffar: kila mwanachama mwenye blogu au podikasti atawasilisha kila andiko na kila rekodi kwa Kamati ya Uratibu wa Sauti za Wanachama, nakala tatu, siku kumi na nne kabla ya kuzitoa.

"Maandishi sawa, Mzee," Hussam alikuwa ameuliza. "Lakini sauti, nakala tatu vipi?"

"Aseme mara tatu."

Hussam akaandika.

Wanachama wenye blogu, kwa hesabu ya Kamati, walikuwa mmoja. Bi Ghalia, mzaliwa wa Wete, alifanya kazi ya kuhudumia wazee, na akirudi nyumbani alijifungia kabatini katikati ya makoti, ili kelele za mabasi zisiingie, akarekodi podikasti yake ya wiki, na maneno yake akayaandika pia kwenye blogu. Alieleza nani kafariki na anasaliwa wapi, daktari gani simu yake inapokelewa, fomu gani ijazwe kwa wino mweusi. Waliomsikiliza walifika mia mbili, wengine wako Maskati. Kosa lake lilikuwa sentensi moja: kwamba hotuba ya mwenyekiti siku ya Idi ilichukua saa moja na dakika arobaini, na biriani ikapoa.

"Si ilipoa kweli?" alisema alipoitwa mbele ya Kamati.

"Hatubishanii biriani, mwanangu," alijibu Mzee Jaffar kwa upole. "Tunabishania kibali cha kusema imepoa."

Kisha Hussam akatakiwa asome adhabu. Mwanachama atakayekaidi atafutwa, na jina la mama yake litatolewa kwenye mfuko wa maziko. Mama yake Ghalia alikuwa na miaka themanini na mbili. Ghalia akaacha kutabasamu.

"Mama yangu anaingiaje hapa, Bwana Hussam?"

"Kwa utaratibu," alisema Hussam, macho kwenye karatasi. Hakuweza kumtazama. Ukweli ni kwamba kila mchana, akila mkate wake Croydon, aliisoma blogu ya Ghalia na kucheka mpaka mwenzake wa meza ya pili, Bharti, akataka atafsiriwe.

Ghalia akatii. Andiko lake la kwanza, "Kesho kuna maziko, tukutane baada ya adhuhuri," liliidhinishwa bila marekebisho siku ya kumi na nne. Kamati ilijipongeza kwa kumaliza ndani ya muda.

Tovuti ya Jumuiya ikafunguliwa hatimaye. Ilikuwa na picha ya Mzee Jaffar kashika kipanya cha kompyuta kama aliyekikamata jikoni, na hotuba yake. Fundi aliyeitengeneza, Harrison, akawaonyesha chini ya hotuba mahali pa wasomaji kuandika maoni.

"Yeyote? Chochote?" aliuliza Mzee Jaffar.

"Ndiyo maana yake, Mzee."

Kikao cha dharura kikaitwa. Iliamuliwa kwamba anayetaka kutoa maoni mtandaoni afike ukumbini mwenyewe, Jumamosi saa nane mchana, na pasipoti na bili ya umeme. Ghalia akaomba kibali cha kulisoma tangazo hilo kwenye podikasti, neno kwa neno. Alipewa siku ileile, maana maneno yalikuwa ya mwenyekiti. Alilisoma mara tatu, kama sheria inavyotaka.

Jumamosi foleni ilipita duka la kebabu. Hussam aligawa namba mlangoni. Mama yake Ghalia aliingia na mkongojo wake, namba kumi na nne, akakaa mbele.

"Unaona?" Mzee Jaffar alimnong'oneza Hussam. "Tovuti yetu inasomwa!"

Kwenye namba sitini mkono wa Hussam ulisimama. Katiba aliijua kwa moyo. Wanachama sitini wakiwa ukumbini, huo ni mkutano mkuu, na mkutano mkuu haukuwahi kufanyika kwa miaka tisa kwa sababu watu hawakutimia. Angeweza kufunga mlango; hakuna ambaye angejua. Akamtazama yule bibi pale mbele, akapandisha kipaza sauti.

"Ndugu wanachama, akidi imetimia."

"Akidi ya nini?" aliuliza Mzee Jaffar.

"Ya mkutano mkuu, Mzee. Ajenda ya kwanza ni uchaguzi."

"Hawa wamekuja kutoa maoni!"

"Ndiyo, Mzee. Watayatoa kwa kunyoosha mikono."

Yalitolewa. Ghalia akachaguliwa mwenyekiti, na hotuba yake ilikuwa hii: "Mfuko wa maziko haumtoi mtu. Kamati imevunjwa. Asanteni, nina zamu saa kumi na moja."

Wiki nzima Mzee Jaffar hakupokea simu. Wiki ya pili akafungua blogu yake mwenyewe, kuukosoa uongozi mpya unaoziba masikio. Asubuhi ya Jumatatu akampigia Hussam kazini.

"Nimepata maoni! Mtu mmoja kaandika kwa Kiingereza kwamba kazi yangu ni nzuri mno, na kwamba ana saa za mkono za bei rahisi. Ni mwanachama wetu?"

Hussam akaitafuta sauti yake ya kiofisi. "Si mwanachama, Mzee. Ni... msomaji."

"Nilijua! Nimemjibu kurasa mbili, na kajibu papo hapo, maneno yaleyale, hakubadilisha hata herufi." Mzee Jaffar alishusha pumzi ya kuridhika. "Mtu wa msimamo yule, Hussam. Watu kama hao ndio tuliowakosa kwenye Kamati."