Mtaalamu wa Mahitaji Aliyevushwa kwa Machela

Gashoho, Muyinga

Kwa Mkurugenzi,
Mradi wa Sauti ya Kilima,
Gitega.

YAH: MAOMBI YA KUAZIMWA MTAALAMU MMOJA KWA MASIKA MOJA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Amani iwe ofisini kwako, na barabara ya kufikia mlango wako iendelee kuwa kavu. Mimi ni Sebastiani, mkulima wa mihogo na maharage katika kilima kimoja cha Gashoho, ule upande wa mto ambao gari lenu halijawahi kuufikia. Nimekulia Tanzania, upande wa Kasulu, nikarudi nyumbani nikiwa mtu mzima, na kwa sababu hiyo majirani huniona mimi ndiye mwenye Kiswahili cha kuwaandikia wakubwa. Ninaandika kwa niaba ya wakazi wote, wanaume kwa wanawake, kwa kauli moja.

Juzi mkuu wa kilima alitutangazia kwamba watu wako wanakuja tena kukusanya maoni, ili kuhakikisha kwamba mahitaji tuliyoyataja mara ya kwanza ndiyo tuliyoyahitaji kweli. Tumefurahi. Mtu akija kukuuliza habari ya njaa yako mara mbili, hata kama hana chakula, walau unajua nyumba yako anaikumbuka. Lakini kabla hawajafika, niruhusu nikueleze yaliyotokea mwaka jana, maana naamini hukuelezwa. Na kama ulielezwa, ulielezwa kwa Kifaransa, lugha ambayo mambo yetu yakishaingia humo huwa mazuri sana.

1. Kuhusu jinsi mtaalamu alivyotufikia.

Ilikuwa masika. Magogo tuliyokuwa tukiyaita daraja yalikuwa yameshachukuliwa na maji, kama yanavyochukuliwa kila masika. Gari lenu likasimama ng'ambo, wakashuka wawili: Bwana Thomas, mtaalamu wako wa mahitaji, na Bi Donatienne, msaidizi wake, yule Mkongomani wa Uvira. Bi Donatienne akavua viatu, akakunja kitenge, akaingia majini huku ameshikwa mkono, akatokea upande wetu anacheka. Bwana Thomas akabaki ukingoni. Alikuwa amevaa viatu vyeupe.

"Non, non," akasema. "Hapo mi siwezi pita. Iko maji mingi sana."

Adriano, jirani yangu, ambaye huvuka hapo kila siku ya soko na mzigo kichwani, akamjibu kwa upole, "Ni kweli, mkubwa. Ndiyo hayo tunayotaka kukuambia leo."

"Basi mutaniambia nikishafika," akasema Bwana Thomas.

Ikabidi afike. Tukaenda kuchukua ingobyi, ile machela yetu ya kusuka inayobeba wagonjwa na wajawazito kwenda kituo cha afya, ambacho kipo ng'ambo hiyohiyo aliyosimama yeye. Kilima kizima kina ingobyi moja tu. Bwana Thomas akalala ndani yake, akakumbatia begi kifuani, akafumba macho, na Adriano na wenzake wakamwinua mabegani. Akina mama wazee walioona ingobyi inatoka mtoni, na ndani yake mtu amefumba macho, wakaanza kuvua vilemba na kuuliza marehemu ni wa ukoo gani. Tulipata kazi kuwatuliza.

Karibu na ukingo wetu mti wa kubebea ukakatika, na sakafu ya ingobyi ikaachia. Mtaalamu hakuzama. Alilowa ile sehemu anayokalia tu, akakaa nayo hivyo mkutano mzima, na kwa hilo peke yake tunamheshimu.

2. Kuhusu maana ya hitaji.

Tulipewa punje za mahindi. Mbele yetu yakapangwa makopo, kila kopo na picha yake: bomba, darasa, mbuzi, sindano. Kila mtu aweke punje zake kwenye hitaji lake. Tukatafuta kopo lenye picha ya daraja. Halikuwepo. Nikasimama, nikauliza liko wapi.

"Daraja si hitaji," akasema Bwana Thomas. "Daraja ni suluhisho. Sisi hatukuje kuchukua masuluhisho. Mutafute hitaji."

"Hitaji ni kuvuka," akasema Adriano.

"Kuvuka ni kazi ya mtu. Nyuma ya iyo kazi, iko nini?"

"Kufika kituo cha afya."

"Na iyo pia ni kazi. Rudi nyuma zaidi."

Adriano akafikiri. "Nyuma zaidi ni mtoni, mkubwa."

Bi Donatienne akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Lakini Bwana Thomas si mtu wa kukata tamaa. Akaturudisha nyuma, na nyuma tena, mpaka akaandika kwa furaha kubwa kwamba hitaji letu la msingi ni matumaini. Kopo la matumaini likachorwa palepale: jua linachomoza. Tukaambiwa tuweke punje. Watu wakaweka, kwa sababu jua lilikuwa limechorwa vizuri na mvua ilikuwa inakuja.

Kwa ajili ya ukweli naongeza kwamba wakati tukiwa katika kurudi nyuma huko, kuku mmoja aliingia katikati yetu, akaangusha kopo la sindano na kula afya karibu yote. Nikamwonyesha Bwana Thomas. Akasema, "Wacha. Matokeo iko matokeo."

3. Kuhusu ripoti.

Tuliitwa makao makuu ya komine, yaani tarafa yetu, kwenda kusomewa. Mimi na Adriano tulikwenda, tukalowa, tukasikiliza. Ripoti ilisema kwamba kilima chetu kina "mfumo thabiti wa usafiri wa asili, uliojengwa juu ya mshikamano wa jamii", na kwamba mtaalamu aliujaribu mwenyewe akauona wa kuridhisha. Kwa hiyo suala la kuvuka halina haraka. Kinachotakiwa haraka ni semina ya matumaini. Semina hiyo ilifanyika Mutaho, huko kwenu Gitega, kwa maelezo kwamba kwetu hapafikiki.

Sehemu mbili tatu katika ripoti tuliitwa "wakazi wa Buraza", ambako nasikia mtaalamu alipita kabla ya kuja kwetu. Hatuna ugomvi na watu wa Buraza. Kama kuna kitu walijengewa kwa machozi yetu, tunaomba tu watuambie kama kinapendeza.

4. Kuhusu Jeska.

Hapa, Mheshimiwa, sina mzaha.

Siku ile ya mkutano, Bwana Thomas alipokuwa anaondoka (safari hii alivushwa mgongoni), alituona tumeanza kukusanya matete ya kuifuma upya ingobyi. Akasema, "Muiache hivyo. Mi nitaiweka kwa ripoti, mutapata mupya." Tukaiacha hivyo. Katika yote mliyotushauri, hilo ndilo tulilolifuata kikamilifu.

Jeska ni mke wa Adriano. Alishikwa na uchungu masika hiyohiyo, asubuhi ya siku ya soko, mto ukiwa umejaa mpaka kwenye mizizi ya mikaratusi. Adriano aliitazama ingobyi iliyopasuka, akaingia ndani, na mara tukasikia anabomoa kitu. Akatoka na mlango wa nyumba yake. Tukamlaza mkewe juu ya mlango, nami nikashika pembe moja. Tulipofika majini mlango ukaanza kuelea na kuvutwa na mkondo. Adriano akateleza. Jeska akamkamata mumewe shingoni, akapiga kelele, "Nirudisheni! Nirudisheni, nitazalia pakavu!"

Tukamrudisha. Wanawake wakasimama duara, wakashika vitenge vyao kuwa ukuta, na sisi wanaume tukaamriwa kutazama mto. Tukautazama. Ng'ambo, paa la kituo cha afya lilikuwa linang'aa, karibu kiasi kwamba tuliona kitambaa kimeanikwa dirishani. Mtoto wa kike akazaliwa pale mchangani, akalia vizuri. Lakini mama yake alitokwa na damu mpaka uso ukawa wa majivu. Hatukuweza kumvusha mpaka jioni, maji yalipopungua. Adriano alikaa ukingoni ameusimamisha mlango wake mbele yake, kama mtu anayengoja nyumba ijengwe nyuma yake.

Jeska alipona. Sijui kwa nini alipona. Mjinga mmoja akapendekeza mtoto aitwe Ripoti, na Jeska, ambaye alikuwa hawezi hata kusimama, akamtupia kiatu.

Sasa nafika kwenye ombi letu. Tumejifunza kwamba hitaji haliandikwi mpaka limloweshe mtaalamu, na kwamba likimlowesha kidogo tu haliandikwi sawasawa. Kwa hiyo tunaomba utuazime Bwana Thomas kwa masika moja nzima. Tutampa nyumba. Tutampa mihogo. Siku ya soko atavuka kwa miguu yake. Siku akiugua, na wala hatumwombei mabaya, ila mbu wetu hawakuhudhuria semina, tutambeba juu ya mlango. Kama ofisini kuna mtumishi mjamzito aliye tayari kuja siku zake zikikaribia, huyo atafaa zaidi kwa usahihi wa takwimu.

Na kama hilo haliwezekani, basi hamisheni ofisi nzima ije upande wetu. Naahidi, Mheshimiwa, daraja litakuwa limesimama kabla meza yako haijafika, na hakuna atakayeuliza kama ni hitaji au ni suluhisho.

Hao mnaowatuma safari hii, waje na machela yao.

Nisalimie wote hapo ofisini: Bi Donatienne, ambaye akija tena atakuta maji ya moto ya kuoga, dereva wenu, aliyelala garini mkutano mzima na ndiye peke yake aliyerudi Gitega akiwa ametimiziwa hitaji lake, na Bwana Thomas, yeye na viatu vyake.

Ni mimi, mtiifu wako mpaka mto utakapojaa tena,

Sebastiani,
kwa niaba ya wakazi wote.

N.B. Kabla ya kuifunga barua hii nimeipeleka kwa Adriano nimsomee, nikitarajia sifa. Nilimkuta Jeska ameketi uani ananyonyesha, pamoja na wanawake wa jirani wakipukuchua maharage. Nikasoma kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Adriano akapiga makofi. Wanawake hawakupiga.

"Shemeji Sebastiani," akasema Jeska, "hiyo kauli moja uliisikia wapi?"

Nikamwambia barua hii ni kwa ajili yake.

"Inanitaja, lakini hukuniuliza. Daraja! Unajua jioni ile mliponivusha nilikuta nini huko ng'ambo? Paa. Mkunga alikuwa ameshakwenda kwao, na hakurudi mpaka asubuhi. Nililala nje ya mlango uliofungwa, damu inatoka, mama yangu ananishika miguu. Ninyi wanaume mlikuwa mmeshaondoka. Mimi nataka mkunga aishi upande huu, kwenye nyumba yenye taa. Daraja mtapita ninyi kwenda kwenye baa ya urwarwa, hiyo pombe yenu ya ndizi."

Wanawake wakacheka, na kicheko kile sikukipenda, kwa sababu baa ya urwarwa kweli iko ng'ambo. Adriano akainama akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Hapo hapo, bila makopo na bila punje, wakaanza kusema mmoja mmoja. Mkunga akawa wa kwanza. Chemchemi ya maji safi ikafuata. Halafu yakaja mambo ambayo nimeishi nayo miaka yote na sijapata kuyasikia, na daraja nikaliona linasogea nyuma, na nyuma tena, mpaka nikamkumbuka Bwana Thomas na kuona haya.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba barua hii yote uichukue kuwa ni maoni ya mwanamume mmoja ambaye hajapata kuzaa. Nilijitolea kuwaandikia na wao pia, kwa Kiswahili safi. Jeska amekataa. Amenipa mtoto nimshike, na mistari hii ya mwisho naiandika kwa mkono mmoja, haraka, maana yeye amesimama hapa anasubiri kalamu.