Mlima wa Baba Mkwe na Miti Yake

Jumatatu, 3 Novemba
Jumapili wajomba zangu wanakwenda kwa Muzee Twagirimana kuniposea binti yake Perpétue. Muzee hanitaki. Anasema mchora vibao vya maduka wa mtaa wa Birere atamlaza binti yake na njaa. Nimepata dawa! Nitamchorea kilima chake cha Masisi, alichokikimbia wakati wa vita. Nitamsifu kwa miti. Mtini mkubwa: yeye. Mikaratusi iliyonyooka: wanawe. Mti mwembamba ulioinama kwa adabu: mimi.

Jumatano, 5
Perpétue kanishauri nimuulize mama yake kilima kilivyo. Nikamjibu msanii haulizi, anaona. Upande wa kushoto wa picha ulikuwa mtupu. Nimepanda miti ya drasena, safu nzima, mbele ya chemchemi ambayo Muzee huitaja kila mara. Majani yanapendeza mno. Akili ninazo.

Ijumaa, 7
Balaa! Nilimpelekea Muzee picha. Alivaa miwani, akatazama, akauliza nani kasogeza mpaka wake. Kumbe kwao drasena si urembo, ndiyo alama ya mpaka wa shamba. Safu yangu imempa chemchemi Nzabonimpa, jirani yake wa kule. Wanaigombania tangu ujana. Akasema polepole: "Mutoto yangu, hata vita haikuninyanganya ile chemchem. Weye, na pinceau ya rangi tu, ulishaikamata."
Machozi yalimlengalenga. Niliona aibu, na nilimpenda sana yule mzee.

Jumamosi, 8
Nimehamisha drasena. Kwa ukarimu nimezivusha ng'ambo ya chemchemi, bonde, na shamba zima la maharagwe la Nzabonimpa, vyote viwe vya Muzee. Muzee alicheka hadi akashika mbavu. Akanikalisha karibu, akanionyesha kwa kidole alikokuwa akichunga ng'ombe. Akaniita mwanangu! Picha iko sebuleni, juu ya televisheni.

Jumapili, 9
Wajomba wamepokelewa vizuri. Msemaji wa upande wa binti akasimama kutoa jibu. Nzabonimpa! Ndiye baba wa ubatizo wa Perpétue. Wazee hawa hugombania chemchemi, kisha hukaa benchi moja kanisani. Akatazama ukutani. Akalitafuta shamba lake. Akaketi, akasema hawezi kumtoa binti kwa mtu aliyekula maharagwe yake yote.
Kikao kimeahirishwa. Perpétue amenisihi nisiguse brashi, niende tu nikamwombe Nzabonimpa radhi kwa mdomo.
Nitakwenda, bila shaka. Ila mkono mtupu haulambwi. Nimeshaanza picha yake: kilima kilekile, drasena hadi mlangoni kwa Muzee Twagirimana. Nani atakayeziona zote mbili?