Bei za Mwaka wa Bendera

Jumatatu, 3 Novemba

Shajara mpya. Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyosomea Kitale enzi za ukimbizi, kwa sababu kaka zangu watatu wamelala sebuleni na hakuna hata mmoja anayeijua. Wamekuja kugawana ng'ombe wa mahari ya Nyagai. Ng'ombe bado hawajaja. Kwa hiyo kwa sasa wananila mimi.

Nyagai ni binti yangu wa kwanza. Anaolewa na Emilio, kijana wa mtaa wa Juba Na Bari hapa mjini, kazi yake kuchimba visima. Yaani ataolewa, tukielewana. Mara ya kwanza wazee wao walisema ng'ombe thelathini. Nikasema arobaini. Wakaenda, wakajikusanya, wakarudi na arobaini. Nikasema hamsini, maana maisha yamepanda. Mjomba wa kijana, Mzee Ladu, akainuka bila kumaliza chai. Akasema watarudi Jumamosi na hiyo ndiyo ya mwisho. Ikishindikana, Emilio ana kazi inayomngoja mjini Wau, na kila mtu ashike njia yake.

Tangu siku hiyo Nyagai hanisemeshi. Anaweka chai mezani, anaondoka. Inaniuma, sitaficha. Lakini watatoa hamsini. Nawajua watu, mimi ni mbunge.

Sasa jambo kubwa. Inaundwa kamati ya kupambana na kupanda kwa bei. Mwenyekiti atapewa gari, mafuta ya gari, na ofisi yenye kiyoyozi kinachofanya kazi! Wanaotajwa ni wawili: mimi na Mheshimiwa Apajok. Huyo mama wiki jana alipigwa picha amejitwika gunia la mkaa. Nchi nzima imeiona. Gunia lenyewe naamini lilijazwa maboksi. Lazima nami nitoe msimamo. Sijui bado msimamo gani, ila uwe mkali.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda sokoni Munuki na mpiga picha. Mpango ulikuwa mwepesi. Nauliza bei ya nyanya, nashtuka, natetea wananchi, muuzaji anapunguza, watu wanapiga makofi.

Nilichagua duka la Proscovia, mama wa Kiganda mwenye nyanya nzuri. Kitu kimoja kilinitoka akilini. Duka ni langu.

Nikauliza kwa sauti ya Bunge kwa nini nyanya zimekuwa ghali namna hii. Proscovia akajibu kwa sauti ya soko. "Mheshimiwa, barabara ya Nimule iko mbaya, sawa. Lakini hii kodi! Umeongeza mara mbili, na mvua bado inaingia ndani!"

Kicheko! Vijana wa boda boda walizima pikipiki ili wasikie vizuri. Nikasema haraka kwamba mwenye duka wa namna hiyo lazima achunguzwe. Wakacheka zaidi. Mpiga picha nimemnunulia soda mbili ili afute. Nyanya nimezinunua kwa bei ile ile, na za chini zilikuwa zimeoza.

Nyumbani mke wangu Nyakuoth akauliza kwa nini nisipunguze tu hiyo kodi, au hata nizibe paa. Nimemweleza kwamba siasa haiendi hivyo. Akasema ameona inavyokwenda.

Jumatano, 5 Novemba

Nyagai amenisemesha! Amekuja mwenyewe, na chai ya tangawizi, sukari ya kutosha. Amesema amesikia kesho naingia redioni na angependa kuniandikia hotuba. Ana diploma ya uandishi wa habari kutoka Nakuru. Ada nililipa mimi na sijawahi kuona faida yake mpaka leo. Machozi yalinilengalenga. Nikasingizia tangawizi.

Aliniuliza maswali kama mwandishi hasa. Je, Baba, kuna kitu unauza? Nikafikiri. Sina kitu ninachouza. Maduka napangisha, kupangisha si kuuza. Basi, akasema, unaweza kuapa lolote na halitakugharimu. Akili ya huyu mtoto! Kairithi kwangu.

Kiapo chenyewe ni hiki: "Bei zote zirudi zilivyokuwa mwaka tuliopandisha bendera yetu. Na mimi nitakuwa wa kwanza. Chochote kitakachotoka nyumbani kwangu, kitatoka kwa bei ya mwaka ule." Nikamuuliza kwa nini "kutoka nyumbani" na si "kuuza" tu. Akasema redioni inajaa vizuri mdomoni. Nimejaribu mbele ya kioo mara kadhaa. Inajaa.

Alhamisi, 6 Novemba

Redio! Nimewamaliza!

Niliposema "nitakuwa wa kwanza" niligonga meza mpaka chai ya mtangazaji ikamwagika. Simu zilipigwa mfululizo. Mama mmoja wa Buluk aliniombea hewani, akaniita mtu wa watu. Mzee mwingine aliuliza kama naapa kweli au naapa kisiasa. Nikaapa tena, mara ya pili, kwa majina yangu yote, Koang mwana wa nani na nani hadi babu. Yule mzee akasema asante sana, hilo tu ndilo alilotaka kusikia. Sauti yake si ngeni kwangu. Wapiga kura wangu ni wengi, siwezi kuwakumbuka wote.

Nilipopita kununua dizeli ya jenereta nilimuuliza kijana wa pampu kama hajasikia kiapo changu. Akasema amekisikia na kimemgusa. Akanitoza bei ya leo.

Ijumaa, 7 Novemba

Mapokezi kila mahali. Simu ya Mheshimiwa Apajok imezimwa, naambiwa. Naelewa maumivu yake.

Nyagai ana wazo lingine. Amesema kesho tumwalike Mheshimiwa Apajok kwenye kikao cha mahari kama mgeni wa heshima, aone kwa macho yake jinsi watu wanavyoniheshimu. Safi sana! Nimempigia mwenyewe. Kumbe simu haijazimwa. Amekubali upesi kuliko nilivyotarajia, na ameuliza kama kupiga video kunaruhusiwa. Nimesema kunaruhusiwa sana.

Kaka yangu mkubwa, Nyuon, ametayarisha vijiti vya kuhesabia ng'ombe. Hamsini, vyote sawasawa. Amevikata kutoka kwenye ufagio mpya wa Nyakuoth. Kumekuwa na maneno.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika kwa shida.

Walikuja kumi na zaidi, Mzee Ladu mbele, Emilio nyuma amevaa koti la kuazima, mikono haionekani. Mheshimiwa Apajok kwenye kiti cha wageni, simu mkononi. Nyuon akatandika mkeka na kupanga vijiti vyake, hamsini, safu nzuri. Nikatulia. Nikangoja waanze kulia.

Mzee Ladu hakulia. Aliomba ruhusa ya kusikilizisha kitu kidogo, akatoa simu. Ikatoka sauti yangu. Sauti nzuri, lazima niseme. Chochote kitakachotoka nyumbani kwangu, kitatoka kwa bei ya mwaka ule. Kisha ikafuata sauti ya yule mzee aliyeniuliza kama naapa kweli. Ndipo nikaitambua. Alikuwa amekaa mbele yangu!

Akamgeukia Nyuon na kumuuliza kwa Kiarabu cha Juba: binti yako Nyagach aliolewa mwaka ule wa bendera, sivyo? Kwa ng'ombe wangapi? Nilimkanyaga Nyuon mguu. Nyuon hajawahi kusema uongo maishani, na hajawahi kunyamaza. Akasema ishirini. Akaongeza kwamba mimi ndiye niliyesimamia kikao, na kwamba nilicheza ngoma.

Nikasimama. Nikapaza sauti kwamba mtoto wangu si bidhaa ya sokoni! Nikasema ni aibu kumlinganisha na nyanya!

Mzee Ladu alikaa Arua, kule Uganda, miaka mingi na Kiswahili chake ni cha huko. Alijibu polepole, kwa adabu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Kweli kabisa, Mheshimiwa. Mtoto si kitu ya kuuza. Sasa hii arobaini ilipanda hamsini, ilikuwa bei ya nini?"

Vigelegele vikalipuka jikoni. Wa kwanza kupiga alikuwa mke wangu, nakijua kigelegele chake. Mheshimiwa Apajok akasogeza simu karibu na uso wangu na kuuliza kwa upole kama kiapo kinasimama au taifa lisubiri kingine.

Nikaiona kamati inaondoka. Nikaliona gari, nikakiona kiyoyozi. Halafu nikamwona Nyagai mlangoni mwa jikoni. Yeye hakuwa anapiga vigelegele wala kucheka. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, macho kwenye vijiti. Alikuwa akisimama hivyo hivyo Kitale alipokuwa mdogo, akingoja kuambiwa kama ada imepatikana. Nikakohoa. Nikamwambia Nyuon aondoe thelathini.

Aliviondoa kimoja kimoja, kama mtu anayeng'olewa meno. Vikabaki ishirini. Nikatangaza kwamba huo ndio uliokuwa mpango wangu tangu mwanzo, niwe mfano kwa taifa. Makofi! Emilio akalia ndani ya koti. Nyagai akaja kunikumbatia mbele ya watu wote, kitu ambacho hajafanya tangu tulipohama Kitale. Nilifurahi. Nilifurahi kweli, humu sina wa kumdanganya. Kisha nikakumbuka kwamba hawa watu walikuja hapa siku ile na arobaini kamili, na mimi ndiye niliyewarudisha. Nikakaa chini.

Jumapili, 9 Novemba

Kaka zangu wamefanya kikao bila mimi. Ng'ombe ishirini hawatoshi kugawana, wala hawatoshi kuwafanya waondoke. Wamekubaliana kubaki mpaka niwatafutie wale thelathini wengine. Wanasema maisha ya Juba yamekuwa magumu na mtu mwenye busara anakaa kwa nduguye. Nyuon ameomba godoro.

Kanisani mchungaji amenitaja katika mahubiri. Mfano wa kuigwa, amesema, na vijana wote wasio na wake wakaitikia amina kwa nguvu. Wazee wenye mabinti hawakuitikia. Walinitazama tu. Nilipotoka, tairi mbili za gari langu hazikuwa na upepo.

Nyakuoth amepika kuku leo. Anaimba. Nimemuuliza anachoimbia. Amesema nile tu.

Jumatatu, 10 Novemba

Kamati imeahirishwa! Barua imekuja asubuhi. Hakuna pesa za vikao. Sababu iliyotolewa ni kupanda kwa bei. Itaundwa bei zikishuka.

Mheshimiwa Apajok amenitumia pole. Ameambatanisha video. Imetazamwa na watu wengi kuliko gunia lake la mkaa, hilo angalau ni langu.

Sikai kulia. Mwanaume hujipanga. Nina mpango, na huu hauna tundu. Kwanza, napandisha kodi ya maduka yote ya Munuki kuanzia mwezi ujao. Ng'ombe thelathini watapatikana kidogo kidogo, na Nyuon atarudi kwao. Pili, narudi redioni Alhamisi kabla watu hawajanisahau, na msimamo mpya, mkali kuliko ule. Kamati itaundwa siku moja, na watanikumbuka.

Nyagai amekubali kuniandikia tena, ingawa ana harusi ya kuandaa. Mtoto mwema. Safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimemwambia waziwazi: lisiwemo neno la ndoa, lisiwemo neno la ng'ombe, na lisiwemo neno la kutoka nyumbani. Nimejifunza! Ameitikia kwa kichwa kila nilichosema, akaandika papo hapo.

Kiapo kipya: "Yeyote aliye chini ya paa langu hatalipa zaidi ya alivyolipa mtu mwaka wa bendera, na kama paa linavuja, nitaliziba kwa mikono yangu mwenyewe." Nimekisoma mara tatu nikitafuta mtego. Hamna. Walio chini ya paa langu ni kaka zangu, na wao hawajawahi kulipa kitu chochote, mwaka wa bendera wala mwaka huu. Siwezi kupoteza hata pauni moja. Na hilo la kuziba paa kwa mikono linaleta picha nzuri. Mama Apajok na mkaa wake akajifunze!

Jioni nimepita Munuki kumpa Proscovia habari ya kodi. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele hata kidogo. Nyagai alikuwepo, ananunua vitunguu vya harusi, na walikuwa wakicheka jambo fulani, wakanyamaza kwa heshima nilipoingia. Proscovia aliniuliza kitu kimoja tu, Alhamisi nitakuwa hewani saa ngapi. Nikamwambia. Akaniomba nisikawie, maana amewaambia wapangaji wote na wamenunua betri mpya za redio.

Watu wangu wananipenda.